Hospitali Ilishinda, Daktari Alikosea: Kisa cha Walinzi Waliorudishwa kwa Simu

Alfajiri ya Januari 1, 1966, walinzi watatu wa chuo kimoja jijini London walikunywa chai wakiwa kazini. Ilikuwa yapata saa 11. Haukupita muda wakaanza kutapika, wote watatu. Ilipofika saa 2 asubuhi walikuwa katika idara ya dharura ya Hospitali ya St Stephen's, bado wanatapika. Muuguzi aliyekuwa zamu aliwapokea, akampigia simu daktari wa zamu, akamweleza kwamba kuna wanaume watatu wanaotapika baada ya kunywa chai. Daktari huyo naye alikuwa mgonjwa, anatapika vilevile. Hakushuka kuwaona. Alijibu kwa simu kwamba waende nyumbani wakalale, kisha wawaite madaktari wao wa kawaida. Muuguzi akawafikishia ujumbe, nao wakaondoka.

Saa 7 na nusu mchana mmoja wao akafariki. Uchunguzi ulibaini kwamba alikufa kwa sumu ya aseniki. Kuna mtu aliyeitia kwenye chai, na hakujulikana ni nani.

Mjane wa marehemu aliishtaki kamati iliyosimamia hospitali. Kesi hiyo, Barnett dhidi ya Chelsea and Kensington Hospital Management Committee, iliyochapishwa katika juzuu za hukumu za 1969, hufundishwa hadi leo kwa wanafunzi wa sheria katika nchi nyingi zilizorithi mfumo wa sheria wa Uingereza. Mjane alishindwa. Ukiwasimulia wahudumu wa afya kisa hiki, wengi hutoka na jibu moja: hospitali ilishinda, kwa hiyo daktari hakuwa na kosa. Jibu hilo si sahihi, na ni la hatari kwa anayelibeba hadi kazini. Jaji alisema waziwazi kwamba daktari alikosea. Kilichoinusuru hospitali ni kitu kingine kabisa, ambacho hakuna mhudumu anayeweza kukitegemea zamu yoyote ile.

Mambo manne ambayo mdai hubeba mgongoni

Katika kesi ya madai ya uzembe wa kitabibu, anayelalamika anapaswa kuithibitishia mahakama mambo manne. La kwanza ni kwamba mhudumu au hospitali ilikuwa na wajibu wa kumwangalia mgonjwa huyo. La pili, kwamba wajibu huo ulikiukwa. La tatu, kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha madhara. La nne, kwamba madhara yenyewe yapo na yanaweza kulipiwa fidia. Likikosekana moja, kesi imeanguka hata kama mengine yote yamesimama imara. Kipimo cha ushahidi ni uwezekano mkubwa zaidi: mizani ikiinama upande wa mdai, hata kidogo tu, anashinda.

Uzuri wa kisa cha walinzi, kwa mtu anayetaka kujifunza, ni kwamba jaji aliyapitia mambo haya moja baada ya jingine, na jibu lilikuwa likibadilika.

Wajibu ulianzia wapi

Upande wa hospitali ungeweza kusema kwamba watu wale hawakuwahi kuwa wagonjwa wake. Hawakulazwa, hawakupimwa, daktari hata hakuwaona kwa macho. Jaji Nield alikataa hoja ya namna hiyo. Hospitali iliyofungua mlango wa dharura imeutangazia umma kwamba inapokea wanaougua ghafla. Mtu akishaingia, akaeleza shida yake kwa muuguzi, na muuguzi akaifikisha kwa daktari, uhusiano umekwisha kuundwa na wajibu umezaliwa.

Hapa ndipo ninapoona wahudumu wengi wakijidanganya. Wanadhani wajibu huanza pale faili linapofunguliwa, au daktari anapotia sahihi, au malipo yanapopokelewa. Sheria haisubiri hayo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya Darnley dhidi ya Croydon Health Services NHS Trust. Kijana aliyepigwa kichwani alifika idara ya dharura, na mhudumu wa mapokezi, ambaye si mtaalamu wa tiba, akamwambia kwamba angesubiri kwa muda wa saa nne hadi tano kabla ya kuonwa. Ukweli ni kwamba wagonjwa wenye majeraha ya kichwa walipaswa kuangaliwa na muuguzi ndani ya muda wa nusu saa hivi. Kijana alikaa dakika 19, akaona hawezi kuvumilia, akaenda nyumbani. Hali ikageuka mbaya na ubongo ukaharibika daima. Mahakama iliamua kwamba wajibu wa kutompotosha mgonjwa ni wa hospitali nzima, pamoja na yule anayekaa dirishani kuandika majina.

Ukizisoma kesi hizi mbili pamoja, huoni tena sehemu ya hospitali ambapo mtu anaweza kusema "mimi sihusiki, sijamgusa mgonjwa".

Simu iliyokiuka wajibu

Je, daktari wa dharura lazima amwone kila anayeingia? Jaji alisema hapana, na nafurahi alisema hivyo, kwa sababu sheria inayodai yasiyowezekana haimsaidii mgonjwa wala mhudumu. Mtu mwenye mchubuko mdogo anaweza kufungwa kidonda na muuguzi akaenda zake. Mtu ambaye ameshaonwa na daktari wake na anataka tu maoni ya pili si lazima aonwe papo hapo. Kuchuja wagonjwa ni kazi halali.

Lakini watu watatu waliokunywa kitu kimoja, wakaanza kutapika kwa pamoja, na saa tatu baadaye bado wanatapika, si mchubuko. Daktari alipaswa kushuka na kuwapima, au kupanga wapimwe. Kutofanya hivyo kulikuwa uzembe.

Kipimo kinachotumika hapa kinatokana na kesi ya Bolam ya 1957: mhudumu hupimwa kwa kiwango cha mtu wa kawaida mwenye ujuzi katika fani hiyo. Hatakiwi kuwa bingwa kuliko wote. Na kama kundi la wataalamu makini linaukubali utaratibu alioufuata, kwa kawaida hana uzembe, hata kama wapo wengine wasioukubali. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji waliongeza sharti: maoni hayo ya wataalamu lazima yahimili kupimwa kwa mantiki. Haitoshi kuleta mashahidi wenye vyeo wakasema "sisi hufanya hivyo" ikiwa wanachofanya hakina sababu inayoeleweka.

Vipi kuhusu ugonjwa wa daktari mwenyewe? Moyo wangu unamhurumia. Mtu anatapika, yuko zamu, na ilikuwa asubuhi ya Mwaka Mpya. Huruma hiyo lakini haiingii katika kipimo. Sheria inaangalia nafasi ambayo mtu ameishika. Anayeketi kwenye kiti cha daktari wa dharura anapimwa kama daktari wa dharura, awe mzima au mgonjwa, mzoefu au aliyeajiriwa jana. Hili lilisisitizwa katika kesi ya Wilsher kwenye Mahakama ya Rufani mwaka 1986, kuhusu mtoto njiti aliyepewa oksijeni kupita kiasi kwa sababu mrija wa kupimia uliingizwa kwenye vena badala ya ateri. Mahakama ilikataa kumpimia daktari mchanga kwa kipimo cha uchanga wake. Hata hivyo ilimwondolea lawama, kwa sababu moja ambayo ningependa kila mhudumu mpya aijue: alimwita daktari aliyemzidi cheo aangalie kazi yake. Kwa kuomba msaada alikuwa ametimiza wajibu wake, na lawama ikamfuata yule mkubwa ambaye aliangalia picha ya eksirei na asilione kosa.

Daktari wa St Stephen's alikuwa na njia hiyohiyo. Anayejiona hawezi kusimama, wajibu wake ni kutangaza kwamba hawezi, ili atafutwe mwingine. Hata sentensi moja kwenye simu, "mimi siwezi kushuka, mwite fulani", ingekuwa na uzito mkubwa mbele ya mahakama kuliko ile aliyoitoa.

Saa tano na nusu za mwisho

Mpaka hapo mjane anaongoza: wajibu upo, umekiukwa, na mumewe amekufa. Kilichobaki ni kuviunganisha, na hapo ndipo kesi ilipomponyoka.

Mahakama huuliza swali ambalo kwa maneno ni jepesi: kama si kosa hili, madhara yangetokea? Kulijibu ilibidi kuijenga upya asubuhi ile, safari hii daktari akiwa ameshuka na kufanya kila kitu sawasawa. Ni saa 2. Anawapima. Anaona watu wanaotapika kwa nguvu, jambo ambalo kwa daktari yeyote lina maelezo mengi ya kawaida kabla ya kufikia aseniki. Anawaweka chini ya uangalizi, anaagiza vipimo, vipimo vinakwenda maabara na kurudi. Mgonjwa analazwa, anatundikiwa dripu. Mpaka mtu ashuku aseniki, aithibitishe, na dawa ipatikane, saa zimekwenda.

Dawa yenyewe ilikuwepo. Ni dimekaproli, ambayo madaktari huiita BAL. Wanasayansi wa Uingereza waliitengeneza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ili kukabili gesi ya kivita yenye aseniki ndani yake. Aseniki huua kwa kujishika kwenye vimeng'enya ambavyo seli huvihitaji ili kuzalisha nguvu, na dimekaproli huidaka aseniki hiyo na kuiondoa humo. Mashahidi wa kitabibu walivutana. Upande wa mjane ulitaka ionekane kwamba dripu ya mapema, kurudisha maji na chumvichumvi mwilini, ingeweza kumwokoa. Jaji alikubaliana na mtaalamu aliyesema kwamba tatizo halikuwa upungufu wa maji peke yake, vimeng'enya vilikuwa vimevurugwa, na bila dawa mahsusi hakukuwa na matumaini. Kisha akahesabu muda na kuona kwamba hakukuwa na uwezekano wa maana wa dawa hiyo kumfikia marehemu kabla ya saa 7 na nusu.

Kwa hiyo mgonjwa angekufa hata kama daktari angeshuka. Kosa lipo na kifo kipo, ila cha kwanza hakikuzaa cha pili. Mjane hakupata fidia.

Naiheshimu hoja hiyo, na bado inaniuma. Mtu alirudishwa nyumbani akafe bila hata kushikwa mkono kupimwa mapigo, na sheria ya fidia haina pa kuliweka hilo, kwa sababu kazi yake ni kulipia hasara iliyosababishwa na kosa. Anayesema sheria ilitenda haki ana sababu zake. Anayesema familia ile ilidhulumiwa naye ana zake.

Badilisha sumu, ubadilishe hukumu

Sasa tufanye zoezi ambalo nadhani ndilo lenye faida kubwa zaidi. Acha kila kitu kama kilivyokuwa: saa ileile, simu ileile, maneno yaleyale. Badilisha ugonjwa tu.

Tuseme aliyefika ni mgonjwa wa kisukari aliyejidunga insulini bila kula, anatoka jasho na kuongea ovyo, na mtu akadhani amelewa. Kipimo cha tone la damu kidoleni hutoa jibu kwa sekunde chache. Glukosi ya mshipani hufanya kazi kwa dakika. Hapo swali la "kama si kosa hili" linajibiwa kwa urahisi wa kutisha: angepona. Au tuseme ni mtu aliyezidisha dawa za jamii ya morfini, anapumua kwa shida. Naloksoni ikidungwa kwa wakati hurudisha pumzi ndani ya dakika chache. Hapo nako hospitali ingeshindwa, na ingelipa.

Mhudumu anayeongea kwenye simu hajui ni ugonjwa upi ulio upande wa pili. Hawezi kujua kama mgonjwa huyu ni wa aseniki, ambaye hakuna ambacho kingemwokoa, au ni wa sukari iliyoshuka. Ndiyo maana nasema kinga iliyoiokoa St Stephen's haitegemeki: ilitokana na aina ya sumu na kasi ya maabara, mambo ambayo daktari hakuyajua alipokuwa akitoa jibu lake.

Kesi ya Bolitho niliyoitaja inafanana na hii kwa namna ya kushangaza. Mtoto wa miaka miwili alipata shida ya kupumua hospitalini mara mbili mchana mmoja. Mara zote mbili muuguzi alimwita daktari, na mara zote mbili hakuna daktari aliyefika. Hospitali ilikiri kwamba kutofika ni uzembe. Ubishi ukawa: angefika, angemwekea mtoto mrija wa kupumulia? Daktari alisema asingemwekea, na mahakama ikakubali kwamba uamuzi huo ungekuwa na msingi wa kitaalamu. Familia ikashindwa, kama mjane wa mlinzi. Wanaotaka kushtaki hospitali wajue basi kwamba mlima wao mkubwa mara nyingi ni chanzo cha madhara, na kuthibitisha kosa pekee hakuwafikishi kileleni.

Muuguzi aliyebaki katikati

Katika kisa hiki lawama ilielekezwa kwa daktari. Muuguzi aliwapokea wagonjwa, akatoa taarifa, akafikisha jibu. Lakini anayeshika zamu leo asidhani kwamba "daktari alisema" ni ngao inayozuia kila kitu. Muuguzi ni mtaalamu mwenye wajibu wake mwenyewe. Akiona kwamba agizo la simu halilingani na hali ya mgonjwa aliye mbele yake, anapaswa kurudia kupiga, kueleza kwa vipimo (mapigo, presha, kasi ya kupumua, joto, hali ya fahamu), na akikataliwa, kupandisha suala kwa msimamizi wa zamu au daktari mwingine. "Wanatapika baada ya kunywa chai" ni taarifa ya kweli, ila ni nyembamba. Mapigo ya moyo yanayokwenda mbio na presha inayoshuka ni taarifa ambayo ni vigumu mtu kuijibu kwa kusema waende wakalale.

Na aandike. Saa mgonjwa alipofika, alichosema kwa maneno yake, vipimo vilivyochukuliwa, saa simu ilipopigwa, aliyepokea, alichoelezwa, alichojibu neno kwa neno, na saa mgonjwa alipoondoka na maelekezo aliyopewa. Kesi za uzembe husikilizwa miaka mingi baada ya tukio, wakati kumbukumbu za watu zimeshachoka. Kilichoandikwa palepale kina uzito ambao simulizi ya baadaye haiupati. Ukigundua umesahau jambo, liongeze ukiweka tarehe na saa halisi unayoandika, useme kwamba ni nyongeza. Usifute, usibandike, usirudi nyuma kurekebisha baada ya kusikia mgonjwa amekufa. Rekodi yenye upungufu inaweza kutetewa na wakili mzuri. Iliyochezewa humharibia mhudumu jina hata pale ambapo tiba yake ilikuwa sahihi, na inaweza kuwa kosa la jinai peke yake.

Nani hulipa, na nani huadhibiwa

Utaona kwamba aliyeshtakiwa na mjane ni kamati ya hospitali. Mwajiri hubeba dhima ya makosa ya mwajiriwa aliyoyafanya akiwa kazini. Zamani haikuwa hivyo kwa hospitali. Kesi ya Hillyer ya 1909 iliacha picha kwamba hospitali haiwajibiki kwa makosa ya kitaalamu ya madaktari na wauguzi wake, na ilichukua miongo kadhaa, hadi kesi kama Cassidy ya 1951, kuizika fikra hiyo. Kwa mhudumu aliyeajiriwa hii ni nafuu kubwa, kwa kuwa fidia kwa kawaida hutoka kwa mwajiri au bima yake. Anayefanya kazi kwa mkataba wa kujitegemea, au anayetibu watu pembeni nje ya kazi yake, asijihesabu kwenye kivuli hicho kabla hajausoma mkataba wake na kujua bima yake inafunika nini.

Fidia si mlango pekee wa kuwajibishwa. Uzembe uliokithiri ukisababisha kifo unaweza kumpeleka mhudumu kwenye kesi ya jinai. Mwaka 1994, katika kesi ya Adomako, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilithibitisha hatia ya daktari wa usingizi ambaye hakugundua kwa dakika kadhaa kwamba mrija wa oksijeni wa mgonjwa ulikuwa umechomoka. Hapo kiwango cha kosa kinachotakiwa ni cha juu zaidi, na ushahidi lazima uondoe shaka yote ya msingi. Hata hivyo swali la chanzo cha kifo bado lipo palepale: uzembe ambao haukusababisha kifo haumtii mtu hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Baraza la taaluma ni jambo jingine. Halitoi fidia, kwa hiyo halilazimiki kuthibitisha kwamba mgonjwa angepona. Linauliza kama mwenendo wa mhudumu ulikuwa chini ya kiwango kiasi cha kutilia shaka ufaafu wake wa kuendelea kutibu watu. Mbele ya baraza, hoja yote ya dimekaproli, saa za maabara na vimeng'enya haimwondolei mtu jukumu la kueleza kwa nini hakushuka. Ukikabidhi baraza simu kama ile ya asubuhi ya Januari 1, mhudumu anaweza kuonywa, kusimamishwa au kufutwa kwenye daftari la wanataaluma, ingawa mwajiri wake hakutoa hata senti moja mahakamani.